Tuache kuita kila kifo cha ngombe «virusi»



Nikipita kwenye kooperative zenu, ikiwa huku Alunguli ng'ambo ya Lualaba ao kwenye barabara ya Kibombo, swali linalorudi siku hizi si la muhogo wala la mpunga. Ni hili: «Ingenieri, ni kweli kupe anapatia ngombe virusi?» Na mara nyingi anayeuliza amekwisha kujijibu mwenyewe. Ngombe amekufa, alikuwa na kupe, basi ni virusi, na virusi haina dawa. Tunafukia, tunanyamaza, tunangoja mwingine aanguke.

Nataka kubishana na jibu hilo. Si juu ya kupenda mabishano ya wasomi. Ni kwa sababu neno «virusi» limekwisha kutupotezea ngombe, na mmoja wa watu waliolitamka ni mimi.

Nianze basi na aibu yangu. Mimi ni agronomu, si veterinere. Chuoni nilisoma udongo, mbegu, magonjwa ya muhogo. Mambo ya mifugo tuliyapita mbio mbio. Lakini katika kijiji ukiisha kuitwa Ingenieri, watu wanafikiri unajua kila kitu kinachokula majani. Kooperative moja tunayoisindikiza ilinunua mitamba tisa katika milima ya Kivu Kusini. Waliletwa kwa miguu, wakapita Kabambare na Kasongo, safari ya zaidi ya majuma mawili. Walifika wamekonda, jambo ambalo halikumshangaza mtu, na masikio yao yamejaa kupe. Siku ya nne mmoja akaacha kula. Homa kali, machozi yanatiririka, tezi chini ya sikio imevimba kama yai, nyingine mbele ya bega. Kisha akaanza kukohoa na kuhema kwa shida, povu likatoka puani, akafa. Kwa siku kumi wakafa watatu. Prezida wa kooperative, mama ambaye hapendi maneno mengi, akaniuliza mbele ya wote: «Ingenieri, wewe njo ulisoma. Hii ni nini?»

Ningesema sijui. Nilisema: «Inaonekana ni virusi, mama.»

Kesho yake wanamemba wakauza wawili kwa muchinjaji, kwa bei ambayo hata mbuzi wanne hawanunuliwi. Mmoja wa hao wawili alikuwa na homa tu, hajaanza hata kukohoa. Sikuweza kuwalaumu. Nani atalisha mgonjwa asiye na dawa? Walifuata neno langu.

Veterinere alipofika toka mjini, mtamba mwingine alikuwa ameanza. Akachoma sindano katika tezi iliyovimba, akapaka maji yake juu ya kioo, akaenda nacho kutazama kwenye mikroskopu. Hakuona virusi, virusi havionekani kwa mikroskopu ya namna ile. Aliona kidudu kinachoitwa teileria, ndani ya chembe nyeupe za damu. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita ugonjwa huo ndigana kali, sisi tunasema teileriozi. Dawa yake iko, buparvakoni, ghali kweli kweli, na inasaidia ikipigwa mapema. Mtamba akapigwa, akasimama. Yule aliyeuzwa na homa tu angeweza kupigwa dawa ileile.

Sasa tujibu swali vizuri. Kupe anaweza kubeba virusi? Ndiyo. Lakini magonjwa makubwa ya kupe yanayoua ngombe katika sehemu zetu, karibu yote si ya virusi. Ni ya vijidudu vingine, vikubwa kuliko virusi, na karibu vyote viko na dawa kama mtu hakuchelewa. Tofauti hiyo njo inayoamua kama utakimbilia veterinere ao utakimbilia muchinjaji.

Teileriozi nimekwisha kuieleza: tezi, homa, kikohozi, povu. Inaletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio, na anapatikana zaidi upande wa Kivu kuliko huku chini kwenye joto na misitu. Kwetu mara nyingi inaingia pamoja na ngombe walionunuliwa. Ngombe akikojoa mkojo mwekundu kama chai nzito, na ana homa, fikiria babeziozi. Hiyo inaletwa na wale kupe wadogo wa rangi ya buluu wanaokaa kifuani na tumboni, na dawa kama Berenil, ambayo wengi wenu mnaijua juu ya ugonjwa wa tsetse, inaitibu pia. Akikauka, akifunga choo, ufizi na macho vikipauka kisha kuwa manjano, lakini mkojo si mwekundu, hiyo inafanana na anaplasmozi, ambayo Watanzania wanaita ndigana baridi. Ni bakteria, na oksitetra inaifanyia kazi.

Ya nne inanitisha zaidi kwa hapa Maniema, kwa sababu kupe wake ni yule mkubwa mwenye mgongo wa rangi rangi, ambaye kila mchungaji wa hapa anamjua, anayekaa kwenye kiwele na katikati ya miguu. Ugonjwa unaitwa kaudriozi, wengine wanasema maji ya moyo. Ngombe ao mbuzi anaanza kutembea kama mlevi, anainua miguu juu sana, anazunguka fasi moja, anatafuna bila kitu mdomoni, anaanguka na kupiga miguu. Ukimpasua unakuta maji yamejaa kuzunguka moyo. Kijijini wanasema amelogwa. Wasiosema amelogwa wanasema virusi. Ni bakteria, na oksitetra ikipigwa siku ya kwanza ya homa inaokoa. Ikipigwa wakati anapiga miguu chini, umetupa pesa.

Mnaona shida iko wapi. Oksitetra haiponyi teileriozi iliyokwisha kuanza. Berenil haiponyi anaplasmozi. Nimekuta kooperative ambazo zina chupa moja tu ya oksitetra, inapigwa kwa kila kitu, nusu ya kipimo ili itoshe wote, na ngombe akifa wanasema: «Unaona? Ilikuwa virusi.» Hapana. Ilikuwa dawa isiyo yake, ao iliyochelewa, ao iliyopunguzwa.

Wasomi wakubwa walichanganyikiwa pia, tusijidharau. Mwaka 1897 Mjerumani Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, akaona vijidudu vya teileria katika damu ya ngombe wa pwani, akafikiri ni ule ugonjwa wa mkojo mwekundu. Miaka michache baadaye, ngombe waliopandishwa meli toka Afrika Mashariki walipeleka ugonjwa huo kusini mwa Afrika, ngombe wengi wakafa, na Koch akaitwa Rodesia mwaka 1903. Chanjo aliyoshauri haikufaulu. Arnold Theiler njo alisaidia kutenganisha magonjwa hayo, na kidudu kinabeba jina lake mpaka leo. Mimi sikuwa na mikroskopu wala jina la Koch. Lakini mdomo nilikuwa nao, na ningeweza kuufunga.

Mzee mmoja aliniambia: «Kama kupe ananyonya damu ya mugonjwa kisha anauma mwingine, namna gani ashindwe kubeba virusi ya kila aina?» Swali zuri. Nilimjibu kwa jambo ambalo wote tunalijua. Mbu ananyonya mtu mwenye SIDA, kisha anamuuma jirani, na jirani hapati SIDA. Sababu ni kwamba kile kirusi kinafia tumboni mwa mbu. Ili mdudu apitishe ugonjwa, lazima kijidudu kiishi ndani yake, kizaliane, kipande mpaka kwenye mate. Virusi vingi vya ngombe haviwezi hiyo safari ndani ya kupe. Ugonjwa wa midomo na kwato ni virusi, unapita kwa mate, pumzi, maziwa, vyombo, miguu ya watu. Tauni ya ngombe, ambayo dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba imekwisha kabisa, ilikuwa virusi, ilipita kwa kugusana. Homa ya Bonde la Ufa ni virusi, inabebwa na mbu. Ile tauni ya mbuzi iliyopita nchini mwetu mwaka 2012 na kumaliza mazizi, hiyo pia ni virusi, ni pumzi na makamasi, si kupe. Kunyunyizia mbuzi dawa ya kupe ili kuzuia tauni ni kufunga mlango wakati mwizi ameingia kwa dirisha.

Uko ugonjwa mmoja wa virusi wa ngombe ambao kupe ana mkono kidogo: ule wa mabonge ya ngozi, ulioonekana mara ya kwanza Zambia mwaka 1929. Ngozi inajaa vinundu vigumu mwili mzima. Wachunguzi wamekwisha kuonyesha kwamba kupe wanaweza kuupitisha. Lakini wabebaji wakubwa ni nzi wanaouma na mbu, na kinga yake ni chanjo, si pompe.

Kwa mbuzi na kondoo, kupe wa kahawia yuleyule wa masikio anabeba virusi kweli, na vinaua. Ni ugonjwa uliotambuliwa karibu na Nairobi mwaka 1910, na unabeba jina la mji huo. Kondoo wanaotoka sehemu isiyo na kupe hao na kuingizwa palipo nao wanaharisha na kufa kwa wingi. Ngombe hawaugui. Kwa nguruwe, homa ya nguruwe ya Afrika ni virusi, na kuna kupe laini, wa kwenye mashimo ya ngiri, anayeitunza. Lakini katika vijiji vyetu nguruwe wanaipata zaidi kwa nguruwe wenzao, kwa nyama na mabaki ya chakula, kwa viatu vya mnunuzi aliyetoka kwenye zizi lenye mugonjwa. Mwenye nguruwe asitafute kupe kwanza, atazame ndoo ya mabaki.

Sasa nafika kwenye virusi ambavyo vinapaswa kutusumbua usingizi, na hapa ngombe haugui kabisa. Anayekufa ni mtu.

Mwaka 1956, Stanleyville, njo Kisangani ya leo, waganga walipata virusi katika damu ya mugonjwa mwenye homa. Kisangani si mbali na sisi: unashuka na Lualaba mpaka Ubundu, unamalizia kwa reli. Mwaka 1969 ikathibitika kwamba virusi hivyo ni vilevile vilivyojulikana Krimea tangu 1944, askari walipougua na kutokwa damu. Njo maana ugonjwa unaitwa homa ya kutoka damu ya Krimea na Kongo. Jina letu liko ndani, na wengi wetu hatujawahi kulisikia. Kupe anayeibeba zaidi ni wa jamii ya Hyalomma, anayependa sehemu kavu kuliko misitu yetu. Akimuuma ngombe, virusi vinakaa katika damu ya ngombe kwa muda wa juma moja hivi, naye anakula, anakunywa, anatoa maziwa kama kawaida. Mtu anaipata kwa kuumwa na kupe, kwa kumpasua kupe kwa vidole, ao kwa damu mbichi wakati wa kuchinja. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema inaweza kuua mpaka watu 40 kati ya 100 wanaougua.

Na sisi tunafanya nini? Jioni tunakaa na watoto, tunang'oa kupe kwenye masikio ya ngombe, tunawapasua kwa kucha, damu inaruka, mtoto anacheka. Nimeona wanaopasua kwa meno. Hiyo tuache. Kupe akitolewa, atumbukizwe katika kopo lenye petroli ao maji ya sabuni nzito, mikono ioshwe. Wachinjaji wafunike mikono yenye vidonda, na ngombe aliyejaa kupe asichinjwe siku ileile aliyofika. Atolewe kupe, akae majuma mawili kwanza. Nyama iliyopikwa vizuri haina shida. Na mtu akipata homa kali, kichwa, mgongo, kutapika, kabla ya majuma mawili kupita tangu alipochinja ao kutoa kupe, amwambie infirmiye jambo hilo mara moja, hata bila kuulizwa. Asiposema, infirmiye ataandika malaria, na jamaa watamhudumia mikono mitupu.

Turudi kwenye pesa, kwa sababu kooperative ni pesa za watu. Maoni yangu, na najua komite fulani hazitayapenda: sanduku la kooperative linunue pompe ya mgongo na dawa ya kupe kabla ya kununua katoni ya antibiotiki. Kijidudu cha teileria hakiko tayari mara kupe anapouma. Kinahitaji siku tatu mpaka tano za kunyonya ndipo kikomae katika mate. Maana yake, kupe aliyeondolewa siku ya pili hajakupa hasara. Kunyunyizia kwa utaratibu, mara moja kwa juma, na zaidi kidogo kupe wakizidi kadiri karatasi ya chupa inavyoruhusu, kunakata njia hiyo. Na ni kunyunyizia ndani ya masikio, chini ya mkia, kiwele, katikati ya miguu. Mtu anayelowesha mgongo tu anaosha ngombe, hauwi kupe.

Kipimo kiheshimiwe. Kukiwa maji mengi kuliko dawa, kupe dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaa, na jike mmoja anataga mayai kwa maelfu. Miaka miwili hivi, dawa hiyo haifanyi tena kitu kwenu na kwa majirani. Tena, tafadhali, si dawa ya wadudu wa mboga. Inaua kupe, ndiyo, na inaingia katika maziwa ambayo mtoto wako anakunywa. Hata dawa halali ina siku za kungoja kabla ya maziwa ao nyama kuliwa. Zimeandikwa kwenye chupa.

Muzee mwingine atasema: «Bababu zetu walichunga bila pompe.» Ni kweli, na sitamcheka. Ndama aliyezaliwa penye kupe anaumwa akiwa mdogo, wengine wanakufa, waliobaki wanapata nguvu ya mwili ya kuishi na magonjwa hayo. Kwa hiyo sisemi tumalize kupe wote kwenye ngombe wa hapahapa. Ukiwasafisha kabisa miaka mitatu kisha dawa ikakosekana sokoni, utalia. Lakini ngombe wa mzee walizaliwa hapa. Wanaokufa ni hawa tunaowanunua milimani kwa pesa za mkopo, ambao hawajawahi kukutana na kupe wa njiani wala wa kwetu. Kwa hao bababu hawakutuachia fundisho, kwa sababu hawakununua ngombe kwa mkopo.

Kwa hiyo mkataba wa kununua uandikwe pamoja na safari. Kunyunyizia kabla ya kuondoka, pompe kuandamana na wachungaji njiani, na wakifika wakae pembeni majuma matatu, mbali na ngombe wa kijiji, wakipimwa homa kila asubuhi. Termometa haina bei kubwa. Ngombe mwenye homa inayopita 39 na nusu, hata kama anakula, aitiwe veterinere siku hiyo. Na kama veterinere hawezi kufika, mtu mmoja kwa kila kooperative afundishwe kupaka damu na maji ya tezi kwenye kioo, kikaushwe, kipelekwe Kindu kwa moto ao kwa treni. Kioo kimoja kingetuokolea ngombe wawili.

Wale mitamba wanne waliobaki wako. Wawili wamezaa. Pompe inalala kwa mama trezoriye, si kwa prezida, hiyo waliamua wenyewe baada ya ugomvi mrefu, na kila Jumamosi anaandika katika kaye: ngombe wangapi wamenyunyiziwa, dawa kiasi gani, nani alikuwepo. Mara ya mwisho nilipopita alinionyesha ukurasa mmoja ambapo mtu alikuwa ameandika «virusi» pembeni ya jina la ndama. Alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika: «Homa 40. Kioo kimetumwa.»